Simu Kwenye Gogo

Shangazi yangu ana bucha, na mkono wake ni mwepesi kwa shoka na kwa makofi. Siku alipomtwanga kwa mfupa wa paja mteja aliyemwita mwizi, mtu alirekodi na video ikasambaa mtandaoni. Basi ikawa vita. Watu wakimtukana huko, naye anawarudishia kwenye simu, nyama ya wateja inasubiri.

Daktari alimwonya. "Mama, ipumzishe hiyo simu. Presha itakuua."

"Nikipumzika, nani atawajibu wale mbwa?"

Juzi alikuwa anapasua mbavu, mimi napima. Simu ikatetemeka pembeni ya gogo la kukatia nyama. Jicho likaenda kwenye simu, shoka likashuka kwenye kidole. Ncha ikaruka, damu ikatapakaa kwenye mbavu. Nikapiga ukunga. Yeye kidole hata hakukitazama, alikuwa anasoma. Mtu kamwandikia: "Bibi kizee, mbona umenyamaza?"

Akaiweka simu katikati ya gogo, akaishushia shoka. Vioo vikaruka, wateja wakarudi nyuma. Akaipiga tena na tena mpaka ikawa chengachenga. Kisha akashusha pumzi ndefu, ya kwanza tangu ile video.

"Haya, nimepumzika," akasema.

Alipoinua uso, jamaa mmoja kwenye foleni alikuwa amenyanyua simu yake, anarekodi.

Shangazi hakufoka. Aligonga gogo taratibu kwa ubapa wa shoka, damu inamchuruzika.

"Njoo, mwanangu. Weka na yako hapa."