Mihogo Yenye Haijamaliza Siku Zake

Enzi zetu kule Kasha, chakula ya juma nzima ilianza siku ya kwanza, mbele jua itoke. Maman yetu alikuwa mutu wa shamba na soko, anarudi magharibi mugongo unamuuma, lakini hatukukula kitu ya ovyo. Hakujua kusoma. Mimi pia nilifika mwaka wa tatu tu, kwa masista, wazazi wakanitoa juu ya kuchunga wadogo wangu, na sista mumoja alinipenda sana, alikuwa ananipa sukari mu karatasi… lakini hiyo haina kazi hapa.

Siku ya kwanza maman anamenya mihogo ya uchungu, anaitia mu mutungi ya maji, jiwe juu. Ya pili haiguswe. Ya tatu haiguswe. Ya ine tunaitoa laini, inanuka mpaka kwa jirani, tunaianika juu ya mabati. Siku ya posho, ndiyo ya sita, tunatwanga. Yenga, siku ya Mungu, kisha misa, anachambua maharagi ya juma na sombe, majani ya mihogo, inachemka tangu asubuhi. Bugali, mboga ya lenga-lenga, sambaza, vile visamaki vya ziwa, tunakula mpaka tunalamba vidole. Watoto wa leo wanatoa kitunguu mu sahani kama mutu anatoa mwiba mu muguu.

Maman alizoea kusema: "Muhogo haijui kama uko na haraka."

Sasa, juma moja ya mvua alienda kilio ya kaka yake, kijijini Luhwindja. Unga ikaisha. Dada yangu Furaha, alikuwa na miaka kumi na mbili, akatoa mihogo siku ya pili, akaikausha juu ya moto, akatwanga.

Nikamwambia, "Dada, hata haijanuka."

"Basi kula harufu," akanijibu. Tukacheka, tukakula.

Jua haijazama, mudogo wetu Bahati akaanza kutapika. Kichwa inazunguka, miguu inakataa kumusimamisha: sumu ya mihogo ilikuwa haijatoka. Jirani akamubeba mugongoni mpaka ku dispanseri. Alipona, Mungu asifiwe. Maman aliporudi tulingojea fimbo. Hakumupiga Furaha. Aliketi chini na kitambaa ya kilio ingali ku kichwa, akasema polepole, "Ni mimi. Nilimuachia mihogo, sikumuachia siku za kuhesabu."

Leo niko kwa binti yangu Nadine, hapa mujini. Yeye anafanya kazi mu biro, bwana yake anafundisha ku univerisite, wanatoka alfajiri, wanarudi giza imeingia. Amebandika karatasi ku frigo: siku hii samaki, siku hii maharagi, matunda kila siku. Ni karatasi nzuri, mujukuu wangu ananisomea, mimi koko yake. Lakini kila mahali imeandikwa bugali, na unga inatoka soko, imeshatwangwa, iko mu mufuko.

Nilimuuliza muuzaji, "Maman, hii mihogo ililala mu maji siku ngapi?"

"Koko, mimi niliinunua ku lori yenye ilitoka Kamanyola. Labda uulize dereva," akasema, na wenzake wakacheka.

Nadine naye anacheka. "Maman, Bukavu nzima inakula hii unga. Unaona watu wanaanguka?" Siwaoni, kweli. Lakini yeye iko ku kazi, na watoto wawili wako kwangu mimi. Juma iliyopita niliwapa ndizi pahali pa bugali siku tatu mufululizo, mpaka wakanishitaki kwa baba yao.

Enzi zetu kila unga ilikuwa na mama yake. Unajua mikono yenye iliitoa mu maji, unajua na siku. Leo chakula ni nyingi, imepangwa vizuri kuliko yetu, na hakuna mutu wa kuuliza. Basi nasonga bugali, nameza matonge mawili peke yangu jikoni, kisha naketi, nasikiliza tumbo yangu na kichwa yangu. Watoto wanapiga sahani ku meza, "Koko, njaa!" Bugali inapoa. Nawaambia wangoje kidogo, ingali moto.