Simba Asiyekuja Kisimani

Habari ilinikuta Dongobesh nikisubiri gari la Haydom: mfugaji mmoja mzee wa tambarare za Hanang amefariki. Aliyeniambia ni mpwa wake. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Alikuwa anakuulizia. Anasema, yule mtu wa kisima siku hizi yuko wapi?" Wasomaji wangu hamlijui jina hilo. Sikuwahi kuwaeleza, maana ni aibu yangu.

Mwaka ule wa ukame nilitangatanga hadi bomani kwake, kama nilivyozoea tangu nilipoacha shule darasa la sita: penye jambo nisilolijua, naenda. Simba alikuwa ameua ndama wawili wa jirani. Vijana walinoa mikuki kwa furaha isiyofichika, kwa sababu kwao anayemuua simba hupita kwa ndugu zake akipakwa siagi na kupewa ng'ombe. Mimi, ambaye elimu yangu ni vipande vya magazeti vya kufungia maandazi, nikasema kwa kujiamini kwamba kwa joto lile simba lazima aje kunywa. Kalindeni kisima, nikawaambia.

Mzee, ambaye ujanani naye alipakwa siagi hiyo, akakataa. "Simba wa nchi kavu hafuati maji. Bakini hapa, ongezeni miiba."

"Babu, huyo simba wako wa zamani," kijana mmoja akamtania. "Wa siku hizi ana kiu kama sisi."

"Kiu anayo. Haraka yenu ndiyo hana."

Walicheka, wakaenda wote, nami nikafuatana nao. Asubuhi ya tatu tulirudi bila kuona hata unyayo. Ua wa miiba ulikuwa umetobolewa, na mzee amesimama kando ya mzoga wa ng'ombe wake pekee aliyekuwa bado na maziwa. Maziwa hayo yalikuwa ya mjukuu wake mchanga, ambaye mama yake alikuwa amelazwa hospitali kule Haydom.

Nilisema "shikamoo" tu.

"Marahaba. Njoo uone, wewe unayependa kujua." Alichuchumaa, akanionyesha tumbo lililoliwa kwanza na damu iliyolambwa mpaka kwenye majani. "Kisima chake ndicho hiki."

Akaendelea kunifundisha palepale, mbele ya hasara yake. Mchana simba huyo hulala kichakani bila kujisumbua, asipoteze maji ya mwili. Hutembea mbali sana kutafuta chakula. Akikosa mnyama mkubwa hula hata nungunungu, miiba ikimchoma midomo. Tena hutembea wawili au watatu tu, kwa kuwa nchi ile haiwezi kulisha kundi. "Hakuibadilisha nchi," alisema. "Alijibadilisha yeye."

Vijana aliwakataza kutaja wazo lilikuwa la nani. Halafu kila asubuhi, mpaka mvua iliponyesha, mzee yule aliyewahi kupewa ng'ombe kwa heshima alibeba kibuyu na kwenda boma hadi boma kumwombea mtoto maziwa. Nilimsindikiza mara moja. Alitembea taratibu, akipumzika kila penye kivuli, na njia nzima hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Ukame siku hizi haukawii kurudi, na wenye ushauri hatupungui. Tunafika tambarare na habari ya visima, tunaondoka, na anayebaki na mzoga ni mwenyeji. Mimi nimehama huku na huko maisha yangu yote nikidhani kuhama ndiko kujifunza.

Juzi nilifika msibani. Mjukuu yule sasa ni binti anayekamua mwenyewe. Aliniamkia, kisha akauliza, "Kwa nini babu alikuita mtu wa kisima?" Nikamweleza yote, na maziwa yaliyopotea yalikuwa ya nani. Alitazama ua wa miiba. Halafu akainuka, akaniletea maziwa kwenye kibuyu cha babu yake, akasema, "Kunywa. Umetoka mbali."

Nilikunywa nikiwa nimeinamisha kichwa. Anayeingia nchi ya watu aulize kwanza wanaishije kiangazi. Ushauri wake, kama bado anao, ungoje.