Sura Mpya ya Mjomba Nison

Mjomba wangu Nison alikuwa kinyozi, na hakuna bwana harusi wa Kiyahudi hapa Bukhara aliyekwenda kuoa bila kupitia kwenye kiti chake. Lakini harusini kwenyewe Mjomba alikuwa hakanyagi. Atamnyoa mtu asubuhi, atampaka manukato, atamwombea heri, kisha huyo, anakwenda nyumbani kujifungia na mayai ya kuchemsha. Ngoma zinalia uchochoro wa pili, yeye kajifunga taulo masikioni.

Hakuwa na roho mbaya, jamani. Sheria yetu inataka maharusi wafurahishwe wiki nzima, kila siku karamu kwa ndugu huyu au yule, na kila baada ya mlo zisomwe tena zile baraka saba za siku ya ndoa. Ila hazisomwi hivi hivi. Lazima wawepo wanaume kumi, na lazima iwepo sura mpya, yaani mtu ambaye hajala na maharusi hao, ambaye kuja kwake kunaianzisha furaha upya. Ni Sabato tu isiyomhitaji mtu huyo, maana Sabato yenyewe huhesabiwa mgeni. Sasa sisi tuliobaki mji huu tunajuana mpaka majina ya paka. Harusi ikitokea, tunakwenda sote. Kesho yake mtu mpya utamtoa wapi? Ndipo Mjomba akajitolea. Kila harusi alikaa kwake, na karamu ya kesho yake alisimama mlangoni amevaa joho la hariri, akauliza kwa sauti kubwa, "Haya, mimi mmeniongezea nini?" Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu walimshangilia, na sahani iliongezwa kweli.

Wazazi wangu walipofariki, yeye ndiye aliyenilea. Hakuwa na mke wala mtoto. Alinipikia, alinipeleka shule, na nywele alinisuka kama mtu anayefunga mzigo. Ndiyo maana nilipochumbiwa na Avner, nilidhani mambo mengine hayahitaji hata kuulizwa.

"Mwanangu Zulai," akaniambia siku moja akinoa wembe, "siku ya harusi yako mimi nitakuwa nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwangu. Karamu ya kwanza baada ya harusi naifanya mimi, kwa jina la mama yako. Nani atakuwa sura mpya? Ndugu zake Avner wa Samarkand wanaanza kufika kesho yake, karamu yangu imeshapita."

"Na nani atasimama na mimi chini ya shuka la sala, nikifungishwa ndoa?"

"Bibi Bulor."

"Bibi Bulor ni bibi yake Avner!"

"Basi utakuwa umesimama na mtu wa huko unakokwenda. Kuna ubaya gani?"

"Mjomba, nisikilize vizuri. Usipokuja, siolewi. Nitabaki humu humu ndani, tuzeeke wote tukila mayai."

Alijua sitanii. Kichwa changu ni kigumu, na aliyekilea ni yeye. Akatupa taulo begani, akaenda kwa rabi. Rabi wetu ni mtu wa kucheka, na siku hiyo alicheka mpaka akavua miwani.

"Nison, nani alikwambia uikimbie ndoa? Sisi desturi yetu, mtu akisimama kwenye ndoa lakini asile karamuni, bado ni sura mpya. Njoo, simama na mtoto, lia mpaka uchoke. Ila usile."

"Na harusi zile zote nilizokosa?"

"Hukuwahi kuniuliza."

Mjomba alikaa kwenye ngazi za sinagogi kwa muda. Aliporudi nyumbani neno lake la kwanza lilikuwa, "Mayai yote yale, Zulai! Mayai yote yale!"

Siku ilipofika, tulisimama chini ya shuka, Avner kando yangu na Mjomba nyuma yangu, akilia bila kujificha. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Baada ya hapo angeweza kwenda zake nyumbani kama kawaida yake, lakini alitaka kuniona nikicheza. Akaketi mbele ya pilau na samaki wa kitunguu saumu, mikono ameikalia.

Bibi Bulor akamwona. Kwetu mzee akimpenda mtu humlisha kwa mkono wake, na Bibi Bulor haulizi. Alikusanya konzi ya pilau, karoti na mnofu juu, akamsogezea.

"Fungua kinywa, baba. Wewe ndiye uliyetulelea bibi harusi."

Mjomba akafungua kinywa ili akatae. Hapo hapo pilau likaingia. Nilimwona kwa mbali akitafuna, uso umetulia kabisa, kisha macho yakamtoka. Lilikuwa limeshapita. Maji yakimwagika hayazoleki, na Mjomba, kwa kuwa ameshaharibu, akavuta sahani akamalizia.

"Umekula," rabi akamwambia.

"Nimelishwa!"

"Tumbo halijui tofauti, Nison. Wewe si mpya tena."

Tukaanza kutazamana. Nani hajaja? Wote tumo ukumbini, hata yule mgonjwa wa miguu kabebwa pamoja na kiti chake. Karamu ya kesho ilikuwa ya marehemu mama yangu, na mimi nilikuwa nimezitamani baraka zile zisomwe katika nyumba alimokulia. Bila mtu mpya tungekula, tungeimba, tungekwenda kulala, na basi. Nikaanza kulia ndani ya shela langu. Ndipo mmoja akasema polepole, "Shumiel hayupo."

Wote wakamgeukia Mjomba. Shumiel ni mshona majoho, jirani wa Mjomba, ukuta mmoja. Zamani mforosadi wake uliinamia upande wetu na kudondosha matunda meusi juu ya taulo nyeupe za kinyozi, na Mjomba akaukata tawi. Torati inakataza kuharibu mti wa matunda. Shumiel alimwita mharibifu mbele ya watu wote sinagogini. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na hata kusali walisali kila mmoja amempa mwenzake mgongo.

Asubuhi Mjomba akaenda kumgongea. Yaliyosemwa mlangoni nayajua kwa sababu Shumiel hachoki kuyasimulia.

"Shalom, jirani," Mjomba akasema.

"Leo una macho? Umeniona?"

"Kwa nini hukuja harusini?"

"Sikualikwa."

"Nilikupelekea mwaliko!"

"Uliurusha juu ya ukuta, ukaangukia bandani. Kuku wangu ndio walioalikwa. Waulize kama wanakuja."

"Shumiel, nakuhitaji. Si mimi. Mtoto."

"Mtoto sina ugomvi naye," Shumiel akasema, akafunga mlango. Mjomba alirudi nyumbani bila kujua kama hiyo ni ndiyo au hapana. Akaenda jikoni kupika bakhsh, ule wali wetu wa kijani wenye maini na giligilani, na kutwa nzima alikuwa akichungulia uchochoroni.

Jioni tulikuwa tumeshaketi, mkate umeshamegwa, Shumiel alipoingia. Kavaa joho jipya, kofia imemfika masikioni. Hakumtazama Mjomba. Aliniinulia mkono wa heri kwa mbali, akaketi, akala, akaomba kuongezwa. Nikapumua. Nilidhani yamekwisha.

Tulipomaliza, rabi alijaziwa kikombe cha divai, lakini hakukiinua.

"Baraka hizi zina jina la Mungu," akasema, "na jina lake silitaji bure. Sura mpya ni mtu ambaye kuja kwake kumeongeza furaha. Nyinyi wawili nimewahi kuwaamua uani pale sinagogini, nusura mnichanie joho. Nison, wewe ndiye mwenye nyumba. Umefurahi huyu kuja, au umemkodi tu?"

Mjomba alikuwa amesimama na birika la chai. Akanitazama. Angeweza kusema neno moja tu tukamaliza, lakini Mjomba ni mtu aliyekula mayai nusu ya maisha yake ili asidanganye katika jambo hili hili. Nilijua hatasema uongo. Niliogopa mno, na mkono wa Avner niliubana mpaka akaguna.

"Asubuhi nilikwenda kwa ajili ya Zulai," Mjomba akasema. "Sikwenda kwa upendo, Mungu anajua. Lakini alifungua akiwa ametoka kuoga, anajifuta kichwa. Nikaona kipara. Chote, mpaka nyuma. Nilimwacha ana nywele nyeusi, rabi. Mimi ni kinyozi, namjua kila mtu mji huu kwa kichwa chake, na jirani yangu amemaliza nywele nyuma ya ukuta wangu, mimi sijui zilikwenda wapi."

"Zilikwenda kwa yule kinyozi wa sokoni," Shumiel akasema, macho kwenye sahani. "Tena ana mkono mbaya, asikudanganye mtu."

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Nimepika kutwa nikiomba aje," Mjomba akasema. "Mara ya kwanza niliomba kwa ajili ya mtoto. Baadaye nikaona naomba tu. Amekuja. Nimefurahi, rabi. Nimefurahi mpaka naona aibu."

Shumiel akavua kofia, akajifuta nayo uso, akaivaa tena upesi. Rabi hakungoja neno jingine. Aliinua kikombe akaanza kusoma, na kila baraka ilipoisha wazee wale wawili waliitikia amina kwa kushindana, kila mmoja akitaka kumzidi mwenziwe sauti, mpaka majirani Waislamu wakatoka milangoni kuuliza kwa Nison kumezaliwa nani.