Chumvi ya Chini ya Dungu

Bi Tatu wa Mbwera hakuwa mtu wa kubishana na serikali. Alibishana na ndege, na nguruwe, na marehemu mumewe alipokuwa hai. Serikali aliwaachia wengine, mpaka mwaka 2001, ramani ya mradi wa mpunga ilipobandikwa ofisi ya kijiji. Shamba alilorithi kwa mama yake lilipakwa rangi nyekundu.

Nyekundu ni chumvi. Shamba la chumvi halipewi mbegu, tena linaachwa liote mikoko.

Aliyepima alikuwa Paschal, bwana shamba kutoka bara, mpole, GPS ikining'inia shingoni. Alieleza kwa adabu kwamba kifaa kile husoma satelaiti na kujua hasa aliposimama, na udongo wa palepale umekwenda maabara.

"Ulisimama wapi, mwanangu?"

"Dunguni, Bi Tatu. Ulinikaribisha maji ya kunywa."

Bi Tatu alicheka hadi akashika ukuta. Mtu anayekesha juu ya dungu, kibanda cha miguu mirefu, miezi mitatu akilinda mpunga anakula nini? Ng'onda. Na samaki hao hutiwa chumvi hapohapo chini, kwenye kituta kisichofikiwa na maji, mwaka wa ishirini sasa. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.

"Umepima jiko langu," alisema. "Njoo upime shamba."

Paschal, msifu kwa hili, alivua viatu. Bi Tatu alitangulia, matope magotini, akimwonyesha pa kusimama: hapa maji hutuama, hapa tope jeusi, hapa kando ya kijito pana chumvi kidogo. Vituo kumi na sita viliingia kwenye kifaa, na kila kimoja kikachotwa udongo.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Kumi na vitano, udongo safi. Chenye chumvi kilikuwa cha kando ya kijito, kama alivyosema. Mimi jirani yake nilipiga vigelegele, sioni haya kusema.

Paschal hakusubiri kuambiwa. Alirudi kwa kila aliyemkaribisha dunguni, akapima upya, na mashamba ishirini na manane yakatoka kwenye nyekundu.

Siku ya kugawa mbegu, fomu ilikuwa na mstari mpya: "Vituo vimechaguliwa na mwenye shamba." Bi Tatu aliandika hapo jina lake lote, taratibu, akabeba mifuko miwili: mmoja wa shamba, mmoja wa mbegu inayostahimili chumvi kidogo, wa kule kando ya kijito.