Kufuli ya Kwenda Kampala

Hii aibu nimeikalia miaka mingi, na hata sasa nikiisimulia nasikia masikio yakiwaka, lakini wacha niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Kulikuwa na mchungaji mmoja wa Kampala ambaye wakati wa vita kwao alikimbilia kwetu Bungoma, akalala kwa nyumba yangu, tukala ugali sahani moja mpaka tukawa ndugu. Amani iliporudi akaenda kwao, na baadaye akanialika kwa mkutano wa kanisa lake. Wakati huo nilikuwa nalima Kitale, na majirani wakanijaza maneno, ati Kampala watu ni kama siafu, ati huko unaibiwa soksi ukiwa umevaa viatu. Nikaamini yote. Nikanunua kufuli kubwa, na siku ya mkutano (watu walijaa mpaka madirishani) nikafunga mfuko wangu kwa kamba ya katani, ncha ya pili nikaifunga kwa mguu, ndani ya suruali. Nikajiona mjanja sana.

Kando yangu aliketi nyanya mmoja mwembamba.

“Habari, mama?” nikamsalimia.

Hakujibu. Alinitazama, akajivuta kando, akakumbatia kibeti chake. Nikasema moyoni, huyu ndiye mwizi mwenyewe, hawa wazee ndio hutumwa.

Wakati wa maombi wote wakafunga macho, mimi nikafunga moja. Na kweli, nikamwona ameinama, mkono uko karibu na kiatu changu.

“Ssebo,” akaninong'oneza, “omuguwa.”

Ssebo nilijua ni bwana, hilo neno lingine sikulijua, na sikutaka kujua.

“Mama, wacha mguu wangu,” nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyopanga, watu wa mbele wakageuka. Akarudisha mkono.

Maombi yakaisha, na mchungaji akasema sasa aje ndugu yake kutoka Kenya, yule aliyempa mahali pa kulala, awasalimie watu. Nikasimama, nikafunga koti, nikatoka kwa madaha, kumbe kamba ilikuwa imezunguka mguu wa benchi. Nilienda chini kifudifudi, benchi ikanifuata, nyanya akaniangukia mgongoni. Mfuko ukapasuka, unga wa mahindi (niliubeba kwa sababu niliogopa chakula chao) ukamwagika kila mahali, na kufuli ikateleza sakafuni mpaka kwa viatu vya mchungaji.

Akaiokota.

“Hii ni ya nini, ndugu?” akaniuliza polepole, kwa Kiswahili alichojifunza kwangu.

“Ya mlango.”

“Mlango gani?”

Ilikuwa ya mlango wa chumba alichonipa nyumbani kwake, na alielewa.

“Kwako sikulala na kufuli,” akasema, akaniwekea kwa mfuko wa koti.

Nyanya alikuwa ameshainuka, hakuumia, anapangusa unga kwa magoti yangu huku akimwambia mchungaji maneno.

“Anasema alikuwa anakuonyesha kamba,” mchungaji akatafsiri. “Omuguwa ni kamba. Alitaka kuifungua.”

“Na mbona hakuitikia salamu?”

Wakaongea kidogo.

“Anasema wenye walikuwa wakiongea Kiswahili mtaani kwao ni askari, na walimchukua kijana wake. Ulipomsalimia aliogopa.”

“Na bado akainama kwa mguu wangu?”

Mchungaji akamuuliza. Nyanya akajibu neno moja tu, akaendelea kupangusa.

“Anasema ungeanguka.”

Salamu za Kenya sikutoa. Nilisimama pale nikiwa mweupe kwa unga, nikaomba radhi, nikarudi kuketi, na nyanya akanisogezea nafasi.

Siwezi kuwadanganya ati nimeacha kushuku watu, nikiwa soko la Chwele bado nashika mfuko. Lakini niliapa sitamwita mtu mwizi tena, hata moyoni, kabla ya kujiuliza yeye akiniangalia anaona nani.