Spinachi ya Dada Kalunde

Jamani, sogezeni viti, na wewe mwenye simu iweke pembeni kidogo. Mnaisikia hiyo harufu inayotoka jikoni kwangu? Ni spinachi. Wengine wakiinusa wanaona njaa, mimi mabega yananiuma, natafuta mahali pa kulala.

Ilikuwa kiangazi kule kwetu Ntalikwa, kikali mpaka mbuzi walikuwa wanatafuna vivuli. Dada yangu Kalunde alikuwa amerudi kutoka kwa mumewe kule Usoke, aje kujifungulia kwa mama, maana ndiyo mimba ya kwanza. Viganja vimepauka, akitoka chumbani mpaka barazani anakaa kupumzika kama katembea kutoka Kigoma. Nesi wa zahanati akamfunua kope, akasema, "Damu ni kidogo. Asipokula mboga za kijani, kujifungua kutakuwa kwa hatari. Mpeni hata spinachi." Mama aliposikia spinachi, mengine yote hakuyasikia. Sisi tulikuwa watu wa mchicha, matembele, mlenda na majani ya kunde. Spinachi tuliiona sokoni mjini tu, imelala na shina lake nene jeupe, mboga ya wenye mishahara.

Basi mama akatafuta mbegu, na kumwagilia nikapewa mimi. Kisima kiko mbali, ndoo kichwani asubuhi na jioni, shingo ikaingia kifuani nikawa naiona dunia kupitia kifungo cha gauni. Mchicha wa kienyeji unaota hata jalalani, haumwombi mtu. Spinachi ukiichelewesha kidogo inalala chini kama imefiwa. Lakini iliota, msione hivi. Kuku wetu aliingia chini ya jani moja, akatoka na vifaranga.

Halafu kisima kikaanza kutoa tope. Mama akaingiwa na hofu, maji yakiisha Kalunde atakula nini mpaka siku yake? Akaamua kuivuna yote aifanye nsansa, kama tunavyofanya majani ya kunde, unachemsha kidogo, unaanika, unaweka akiba. Bibi, mama yake baba, akamwambia taratibu, "Mkwe wangu, hilo jani ni maji yamevaa nguo." Mama akaendelea kuvuna. Tukajaza mikeka uani mpaka watu wakakosa pa kupita. Siku ya kuanua tukakuta vipande vyeusi, ukipiga chafya umepoteza mboga ya nyumba nzima. Mama akakaa pale pale kwenye mkeka. Hakulia, alikuwa amechoka tu. Na mimi nikakaa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, ila siku ile hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwambia mwenzake.

Bibi akaingia ndani, akatoka na chungu chake cha nsansa ya kunde, aliyoianika tangu masika. Akasema wapagazi wa zamani walikuwa wakienda nayo mpaka pwani, maana ni nyepesi na haiozi. Akaipika kwa karanga, akakamulia ndimu, na chai akamnyima Kalunde mpaka chakula kishuke, kama nesi alivyoagiza. Kalunde akala hiyo kila siku, na rangi ikaanza kurudi viganjani polepole. Alikuja kujifungua salama, mtoto wa kike, analia kama treni inaingia stesheni.

Leo bomba liko mlangoni, spinachi inapita na baiskeli kila asubuhi, na humu ndani hakuna anayemaliza sahani. Nsansa ndiyo naisaka sokoni kama dawa. Sijui tumeshiba au tumechoka. Ila nikichoka sana naikumbuka ile safari ya mwisho ya zahanati, kabla dada hajajifungua. Nesi akamfunua kope tena, akamgeukia mama akitabasamu. "Hongera mama, damu imepanda. Umeona kazi ya spinachi?"

Mama akaangalia sakafu. Kalunde, ambaye tangu aje hakuwa na nguvu hata ya kugombana, akasema, "Nesi, spinachi imekunywa kisima chetu chote ikaondoka. Hii damu ni ya kunde."