Nilimnyima Bibi Jina la Baba Yake Siku ya Kumzika

Kosa ni langu. Simsingizii shetani, simsingizii mume. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili na akili zangu timamu.

Mimi ni bibi wa wajukuu saba, nakaa huku Msimbazi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko mtauvumilia. Wanaonijua wanasema mimi mkali. Ni kweli. Leo ukali huo naugeuzia kwangu.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu. Aliyenilea ni bibi mzaa mama, na yeye baba yake alikuwa Mswidi, fundi wa reli hapa Gerezani. Mama yake alikuwa akiwafulia nguo mafundi. Hawakuoana. Bibi akiwa bado anang'oka meno ya utoto, yule Mswidi alipanda meli akarudi kwao, na hakuna aliyemsikia tena.

Alichomwachia ni mambo madogo. Bibi alikuwa akinywa kahawa kwenye kisahani, kipande cha sukari guru amekibana kwenye meno, kahawa anaivuta ipite hapo hapo. Wazee wa kahawa walimcheka: "We chotara, mbona unavuta kama bomba bovu?" Naye anajibu, "Kwa baba yangu ndivyo wanavyokunywa. Nyie mnakunywa kama mnazima moto!" Tena alikuwa akinunua samaki, vibua, soko la Feri, anavilaza kwenye siki na vitunguu na sukari, anaviuza Kariakoo kwa bakuli. Watu wanakunja pua, halafu kesho wanarudi.

Lakini utani mwingine haukuwa utani. Wakigombana naye sokoni walimwita mtoto wa meli. "Baba yako nani? Nahodha au mpishi?" Bibi anaendelea kupanga bakuli zake.

Alipougua, mchana mmoja aliniita nikae kitandani kwake. Alikuwa akiniita mke mwenzake, kama mabibi wanavyowatania wajukuu.

"Mke mwenzangu, wewe ndiye unayejua kusoma. Siku ya kunizika, wasifu wangu usome wewe."

"Bibi, acha hayo."

"Nisikilize! Useme baba yangu nani. Jina lake, na la baba yake, na mji wao. Nimeitwa mtoto wa meli miaka yote. Nataka siku hiyo moja watu wote wanyamaze, wasikie kwamba nina baba."

Akaniambia. Akanifanya nilirudie jina lile mara tatu, kama mtoto wa kipaimara, mpaka nikapatia. Lilikuwa halijaandikwa popote, maana yeye hakujua kuandika. Mimi nilijua. Sikuliandika.

Sasa sikieni ujinga wangu. Nilipokuwa nachumbiwa, mama mkwe, mwenye duka la vitenge hapa Kariakoo, aliuliza habari za ukoo wetu. "Sisi hatuchukui mke kwenye nyumba ya watoto wa nje," alisema. Nikaogopa. Nikamwambia baba yake bibi alikuwa Mgoa, wale Wahindi Wakristo, fundi cherehani, na walifunga ndoa kanisani. Bibi ni mweupe, kwa hiyo uongo ukakaa vizuri.

Siku ya mazishi mama mkwe alikaa mstari wa mbele kabisa. Jeneza liko hapa, mimi nimesimama hapa, nimeshika karatasi ya wasifu. Mahali pa baba nilikuwa nimepaacha wazi, najidanganya kwamba nitaamua nikifika.

Nikafika. Nikamtazama mama mkwe. Nikasema, "Baba yake alikuwa Mgoa, fundi cherehani. Alishafariki."

Watu walinyamaza, kama bibi alivyotaka. Wakasikia uongo.

Sikulia. Mwili wote ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi, na mpaka leo haujaamka.

Tulipotoka makaburini Bi Mwanahawa, rafiki yake bibi wa kuuza samaki, alinishika mkono. "Jina la yule Mswidi mimi silijui. Mwenzangu alisema kakupa wewe. Liko wapi?"

Nikauchomoa mkono wangu.

"Haya! Umemzika mtoto wa meli." Toka siku hiyo hata salamu yangu hakuitikia, mpaka naye akafa.

Na mama mkwe je? Loo! Miaka imepita, siku moja tunachambua mchele, akaniambia, "Ile hadithi ya Mgoa uliitoa wapi? Kariakoo nzima inajua bibi yako ni wa Mswidi. Nilikuchukua hivyo hivyo, nikawa nangoja useme mwenyewe." Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Nikasema nitarekebisha, nitaliandikisha lile jina kwenye msalaba wa kaburi lake. Nikaona aibu, nikaahirisha. Mwaka huu, mwaka kesho. Na jina lenyewe sikulitamka hata nikiwa peke yangu chumbani, maana likinijia naliona lile jeneza.

Juzi mjukuu wangu aliyeko chuo alikuja na daftari, anaandika ukoo. "Bibi, nipe jina la huyo Mswidi. Jina tu! Siku hizi watu wanatafutana kwenye simu wanapatana."

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu!

Nikalala nalo, nikaamka nalo, halikuja. Nikaenda Gerezani, nikasimama katikati ya maduka ya spea, nikidhani pale litanirudia. Mabasi ya mwendokasi yakapita. Muuza spea mmoja akaniambia, "Shikamoo mama, unatafuta nini?" Nikasema marahaba, nikaondoka.

Sauti ya bibi naikumbuka. Mkono wake juu ya mkono wangu naukumbuka. Jina limetoka, na Bongo nzima lilikuwa kwangu tu.

Mjukuu hakunilaumu. Aliandika "Mswidi", akapiga mstari, akaenda kula.

Jamani, msinipe pole, wala msiniambie ni uzee. Wasifu ule haukusomwa na uzee, niliusoma mimi.

Wewe uliyekabidhiwa jina la mtu, liandike leo hii. Na siku ikifika, litamke mbele ya hao hao unaowaogopa. Wakwe wakinuna, yatawaisha. Aliyelala kwenye jeneza hana siku nyingine ya kusemewa.